Barua ya wazi kwa mwanangu anayetafuta chuo cha uandishi wa habari

Mwanangu,

Matokeo yako ya kidato cha sita nimeyaona. Mama yako alinitumia asubuhi ileile, na machozi yalinitoka, maana nakumbuka huo mchepuo wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, ulivyouanza kwa hofu. Sasa umenitajia vyuo vitatu na unataka mama mdogo akuchagulie kimoja. Sitakuchagulia. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu kila Julai watoto wa wenzangu huniuliza swali hilohilo, na jibu langu ni moja: tafuta mahali ambapo kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili inasikika au inasomwa na watu wasiomjua.

Nasema hivi kwa uchungu. Chuo nilichosoma mimi kilikuwa na kamera nzuri tu, zimefungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja asiyepatikana. Kwa miaka mitatu nilishika kamera mara mbili. Nilipokwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye redio moja, nikatumwa mahakama ya wilaya, nikarudi na habari inayoanza "Mwizi wa ng'ombe amefikishwa mahakamani". Mhariri alinikalisha chini. Yule kijana alikuwa mshtakiwa. Shahidi hata mmoja hajasikilizwa, hakimu hajamtia hatiani, mimi nimekwisha kumhukumu. Ingesomwa vile, mama yake angeisikia jikoni kwake. Kosa hilo nilipaswa kulifanya chuoni, kwenye gazeti la wanafunzi, likakatwa kwa kalamu nyekundu na mwalimu aliyewahi kukaa chumba cha habari.

Kwa hiyo, unapotazama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, usitazame jina. Tazama kwamba Shule Kuu yake ya Uandishi wa Habari ilikuwa chuo cha serikali, TSJ, kabla ya kuunganishwa na chuo kikuu mwaka 2003, na kwamba Mlimani TV na Mlimani FM zipo. Kisha uliza: mwanafunzi anaingia studio muhula gani, na kwa saa ngapi kwa wiki? Hapa Mwanza, SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ilichipuka kutoka kituo cha mafunzo cha Nyegezi kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, ikawa chuo kikuu mwaka 1998, na ina redio yake. Swali ni lilelile. Zanzibar, SUZA, chuo kikuu cha taifa cha huko, ilikichukua chuo cha uandishi wa habari cha visiwani mwaka 2016. Ukivuka bahari, ulizia pia.

Maonyesho ya vyuo pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, nenda, chukua vipeperushi, lakini usiamulie pale. Pale kila chuo kimevaa suti. Nenda chuoni siku ya kazi, saa nne asubuhi, omba kuonyeshwa studio. Ukikuta vumbi kwenye meza ya sauti, umepata jibu. Ukikuta wanafunzi wanagombania zamu, kaa nao, waulize field walikwenda wapi na nani aliwatafutia nafasi.

Mji nao unafundisha. Dar kuna vyombo vingi, lakini wanaotafuta field nao ni wengi, na mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo wakati bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, halijaingia. Mimi ni mtu wa Mwanza, kwa hiyo pima maneno yangu, ila huku ziwani habari ziko mlangoni: bei ya sangara kule mwaloni wanakoshushia samaki, dhahabu ya Geita, familia ambazo bado zinawakumbuka waliozama na MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Mwanafunzi mwenye daftari na nauli ya daladala anaweza kuandika jambo ambalo Dar hawajalisikia.

Baba yako anataka usome sheria. Usimwone adui. Kanuni za mwaka 2017, zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ziliweka stashahada ya uandishi wa habari kuwa kiwango cha chini cha kupata ithibati ya mwandishi wa habari. Shahada si lazima. Ukisoma sheria au uchumi kwanza, kisha ukaongeza stashahada ya uandishi, utakuwa mtu adimu. Vyumba vyetu vya habari vina wasomaji wazuri wa taarifa, lakini wanaoweza kuisoma bajeti ya halmashauri na kugundua palipofichwa kitu ni wachache mno. Ningekuwa na miaka yako leo, njia hiyo ningeifikiria kwa siku nyingi.

Jambo moja la haraka: usihakiki chuo pekee, hakiki na programu yenyewe kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usije ukakwama kwenye udahili na mkopo.

Wiki ijayo nina zamu za asubuhi tu. Panda basi uje, ulale kwangu. Nitakupeleka Nyegezi siku ya kwanza, na siku ya pili utakaa nami chumba cha habari tangu saa kumi na moja alfajiri. Njoo na daftari. Orodha yako ya vyuo iache nyumbani, tutaiandika upya jioni.

Mama yako mdogo