Siku 28 za Mkandarasi

Mhariri,

Nikiwa mshauri wa mikataba ya ujenzi hapa Dubai, huniuma kusikia makandarasi wa nyumbani Tanzania wakipoteza haki zao kwa kukosa barua moja tu. Kifungu cha 20.1 cha mkataba wa mfano wa ujenzi wa FIDIC (Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri) wa mwaka 1999 humtaka mkandarasi anayedai muda au malipo ya ziada atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kilichomchelewesha. Zikipita, dai limekufa, hata liwe la haki kiasi gani. Huku Dubai, mchoro ukichelewa kufika, msimamizi huandika tarehe na saa kwenye shajara jioni ileile. Naiomba Bodi ya Usajili wa Makandarasi iwafundishe makandarasi iliowasajili jambo hili kwa Kiswahili.

Mkadiriaji majenzi,
Dubai