Barua ya wazi kwa masajenti na viongozi wa maveterani: "Shwari, afande" si taarifa

Wanangu masajenti na makoplo, nanyi viongozi wa vyama vya askari wastaafu,

Salamu nitazifanya fupi, kwa kuwa salamu ndizo zilizoniudhi. Mipango ya janga lijalo imeanza kuandikwa, na kwenye ukurasa wa afya ya akili yamenakiliwa yale yale ya wakati wa korona: kila askari aliye karantini, na kila mstaafu aliyejifungia nyumbani, apigiwe simu mara moja kwa wiki. Kisha daftari lenye safu mbili, jina na hali. Madaftari ya mwaka 2020 mnajua yalivyojaa. Yuko sawa. Yuko sawa. Hakupatikana. Yuko sawa. Aliyeandika hakuwa mwongo, ndivyo alivyojibiwa.

Sasa niwaulize. Mtu amefundishwa miaka yote ya utumishi kujibu "shwari, afande" hata malengelenge yakiwa yamepasuka ndani ya buti. Unampigia, unamwuliza "vipi, uko shwari?" Ulitaka akujibu nini? Lugha yetu yenyewe ina mtego: ukisema "hujambo", mdomo umeshatoa "sijambo" kabla kichwa hakijaamka. Bunduki huiulizi kama ni safi. Unaifungua, unachungulia mtutu kwenye mwanga.

Basi fungueni. Kabla ya lolote, uliza kama yuko peke yake, maana bweni lina masikio na nyumbani ukuta ni mwembamba. Usiweke spika. Kisha achana na habari za hali, uliza vinavyohesabika. Jana ulipanda kitandani saa ngapi, usingizi ukakuchukua saa ngapi, ukashtuka mara ngapi? Mlo wa mwisho ulikula lini? Tangu Jumapili umeongea na nani kwa sauti, acha ujumbe wa simu? Pombe ni chupa ngapi, na ya kwanza unaifungua saa ngapi? "Nalala vizuri" mtu huitamka bila kupepesa. Kudanganya saa ni kazi kidogo. Akishakwambia kwamba tangu saa 8 usiku alikuwa kakaa gizani anasikiliza geti, umefika.

Halafu lile swali mnalolikimbia. Liulizeni kwa jina lake: "Je, umefikiria kujiua?" Wapo wanaoshikilia kwamba kulitaja ni kumtia mtu wazo. Watafiti wamelichunguza hilo mara nyingi, na kuuliza hakupandi mbegu. Wengi hushusha pumzi. Kinachoharibu ni kuuliza hivi: "Lakini huwazi mambo ya kijinga, au vipi?" Umeshamwandikia jibu, na mjinga umeshamwita. Akisema ndiyo, usimhutubie, wala usimkumbushe watoto wake, kwani huenda keshajishawishi kwamba wataishi vizuri bila yeye. Uliza kama ana mpango, atatumia nini, kitu hicho kiko wapi, na ni lini. Kama mpango na kifaa vipo, simu haikatwi: wewe unaendelea kuongea naye, mwenzako anamwita daktari kwa simu nyingine, wa tatu yuko njiani kwenda kwake. Usiahidi kuficha. Ahidi kwamba hatasikia asiyehusika, na ulitimize hilo hata kwa mkeo. Kesho yake piga tena. Na akilazwa, siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini ndizo za kumwangalia zaidi, wakati ambao wengi huona kazi imekwisha.

Kuhusu silaha nitasema mara moja. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi ni fupi, hupanda na kushuka ndani ya dakika au saa chache, kwa hiyo umbali kati ya mkono na risasi huokoa maisha. Kikosini, silaha irudi ghalani na asipangwe lindo la peke yake. Nyumbani, itoke kwa utaratibu wa sheria. Ikishindikana, risasi zikae mbali na bunduki na funguo ashike mtu mwingine. Msimpokonye mbele ya kombania nzima kama mhalifu, maana wanaotazama hapo wanajifunza kunyamaza.

Wazee wetu wastaafu wana shida nyingine ambayo daftari haliioni: masikio. Mizinga na injini zimewala kusikia, wengine wana mlio usiokoma kichwani. Kwenye laini yenye mikwaruzo mzee husema "sawa, sawa" kwa sababu hajasikia swali. Ongea polepole, swali moja moja, mwambie arudie ulichouliza. Ukiweza, kaa naye uani, umbali wa mita mbili. Barakoa nayo humnyima kusoma midomo. Wapo pia ambao barakoa huwabana pumzi na kuwarudisha kwenye kinyago cha gesi. Anayeivua kwa hasira si lazima awe mkaidi.

Jihadharini zaidi na yule aliyetulia. Mwenye kiwewe cha vita hukwepa watu, hukaa ambapo anauona mlango, hupima kila anayemkaribia. Amri ya kukaa ndani ilimpa ruhusa ya kukwepa, tena kwa sifa. Familia ikasema kapona. Kumbe ugonjwa ulilishwa, kwa sababu hofu inayokwepwa hukua. Nchi zilipofunguliwa, kwenye foleni ya kwanza ndefu akaanguka kwa jasho na kutetemeka. Mtu huyu arudishwe kwa ngazi: barabara tupu alfajiri, kisha duka lenye watu wachache, kisha saa ya msongamano. Kila ngazi airudie mpaka moyo utulie akiwa hapo hapo, kabla hajakimbia. Akikimbia kila mara, ngazi ilikuwa ndefu mno, ifupishe.

Mengine kwa haraka. Karantini ya siku 14 iwe na tarehe ya mwisho inayojulikana, na ikiongezwa aambiwe sababu siku hiyo hiyo. Kuongezwa kimya kimya huvunja watu kuliko homa. Saa ya kuamka iwe ile ile kila siku. Kitanda ni cha kulala: dakika kama 20 zikipita bila usingizi, ainuke, akae kwenye mwanga hafifu, arudi macho yakiwa mazito. Pombe hulaza na kisha huamsha usiku wa manane. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na hasira, kwa hiyo uliza vimebaki vidonge vingapi kabla barabara hazijafungwa. Kwa aliye hatarini, akiba ashike mtu mwingine.

Na waliobeba maiti msiwasahau. Tarehe 18 Machi 2020 malori ya jeshi la Italia yalitoka Bergamo usiku yakiwa na majeneza. Askari wa Hispania waliotumwa kupuliza dawa kwenye nyumba za wazee walikuta wengine wamekufa vitandani. Hakuna adui wa kumkasirikia pale, na mtu hubaki akijiuliza kama angefika jana ingekuwaje. Hilo ni jeraha la dhamiri zaidi ya hofu. Ukimwambia "ulitii amri tu", unalifunga likiwa na usaha. Mwache asimulie alichokiona, kwa mpangilio wake, na mtaalamu awe tayari kwa jina na saa ya miadi. "Tafuta msaada" si miadi.

Jamii nayo, jamii! Inawapigia makofi barabarani, inawaita mashujaa, kisha anayesema hapati usingizi anaondolewa kwenye orodha ya kozi na ya kupandishwa cheo. Halafu tunashangaa mbona wote wako shwari. Makamanda, hilo ni lenu, wala sajenti mwenye simu hawezi kulitengeneza.

Daftari jipya liwe na safu hizi: amelala saa ngapi, ameongea na nani, pombe, dawa zilizobaki, silaha iko wapi, ameulizwa kuhusu kujiua na amejibu nini kwa maneno yake. Mpigaji awe yule yule kila wiki, mwenye watu wasiozidi sita. Na pale palipoandikwa "hakupatikana", liandikwe jina la aliyekwenda kugonga mlango, na saa aliyogonga.