Njoo Mei, usije Machi: barua kuhusu nyumba ya Emily Dickinson

Amherst, Massachusetts
20 Februari

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, natumaini nanyi nyote hamjambo. Barua yako imefika, na jibu langu ni hili: ukiweza kuchagua tarehe, njoo katikati ya Mei. Najua umesikia kwamba nyumba ya Emily Dickinson, yule mshairi wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, ambayo sasa ni makumbusho, hufungwa wakati wa baridi kali na kufunguliwa tena mwanzoni mwa Machi, na ungependa uwe miongoni mwa wa kwanza kuingia. Lakini Machi ya hapa theluji ndiyo kwanza inayeyuka, ardhi ni tope tupu, na bustani haijaamka. Nyumba hii ukiiona bila bustani umeiona nusu. Wakati wa uhai wake mashairi yake yaliyochapwa gazetini hayakuzidi kumi na kitu, tena bila jina lake. Majirani walimjua kwa maua aliyowapelekea. Akiwa msichana wa shule alikausha mimea 424 na kuibandika kwenye kitabu, mingi ikiwa na jina lake la Kilatini. Mtu wa namna hiyo humwelewi kwa kutazama vitanda na makabati tu.

Maua huja kwa zamu. Mwishoni mwa Machi hutokeza krokasi, pengine juu ya theluji. Aprili ni dafodili na hayasinti. Mei inapoingia hufunguka tulipu na mitofaa, na kufikia katikati ya mwezi harufu ya lilaki imeenea mtaa mzima. Pioni hungoja Juni. Mwaka wenye baridi ya kuchelewa ratiba yote husogea wiki moja au mbili, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kwa ajili ya ua moja.

Sababu kubwa ya kuchagua Mei ni matembezi ya mashairi. Emily alifariki 15 Mei 1886 akiwa na miaka 55, na kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo, makumbusho huwaongoza watu kwa miguu kupita mahali palipomhusu mjini, huku mashairi yakisomwa kila kituo. Huanzia nyumbani kwake na kuishia kaburini, West Cemetery. Kwa njia ya mkato ni mwendo wa dakika kumi hivi, lakini kwa vituo vyote tenga asubuhi nzima. Vituo hubadilika mwaka hadi mwaka. Hata kama hawatasimama hapo, nenda mwenyewe North Pleasant Street, jirani na makaburi. Pale palikuwa na nyumba ya mbao alimokaa kuanzia 1840 hadi 1855, yaani ujana wake karibu wote. Nyumba ilibomolewa na leo pana kituo cha mafuta. Wageni wengi hudhani aliishi nyumba moja tu maisha yake yote. Ukweli ni kwamba baba yake aliinunua upya ile ya matofali, iliyojengwa na babu yake yapata 1813, na familia ikarudi humo Emily akiwa na miaka karibu 25.

Makaburini utaiona familia ndani ya uzio wa chuma: Emily, mdogo wake Lavinia, wazazi wao na babu. Usihangaike kumtafuta kaka yake Austin na mkewe Susan, wao wamezikwa Wildwood, kaskazini ya mji. Siku ya maziko, kwa wosia wa Emily mwenyewe, jeneza lilitolewa kwa mlango wa nyuma na wafanyakazi wa Kiayalandi wa pale nyumbani wakalibeba kupitia mashambani badala ya kufuata barabara. Siku hizi watu humwekea maua ya deizi, penseli na vijiwe. Penseli unaweza kumwachia, lakini usisugue karatasi juu ya jiwe ili kuchukua maandishi yake. Jiwe la zamani hubanduka ngozi kwa kusuguliwa.

Makumbusho hupokea watu wa kujitolea kusoma mashairi kwenye matembezi hayo, nami ningependa sana usome. Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo wageni wanapokwama. Mashairi yake karibu yote hayana kichwa, kwa hiyo hutajwa kwa namba, na namba ziko za aina mbili. Toleo la Thomas H. Johnson la 1955 lina mashairi 1,775, la R. W. Franklin la 1998 lina 1,789, na mpangilio umebadilika. Ukisema tu "namba 300", mwenzako ataleta shairi jingine kabisa. Andika mshororo wa kwanza, kisha namba pamoja na jina la mhariri. Tena usitumie vitabu vya zamani vya bei rahisi. Kitabu cha kwanza kilitolewa 1890, miaka minne baada ya kifo chake, na wahariri Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson walinyoosha vina, wakabadilisha maneno, wakaondoa karibu vyote vile vistari alivyozoea kutia kati ya maneno. Matoleo mengi ya bure yanatokana na hicho.

Wewe unayefundisha utenzi utaunasa mdundo wake haraka. Beti zake nyingi ni za mishororo minne, kwa mizani ya nyimbo za kanisani: 8, 6, 8, 6. Mshororo wa kwanza na wa tatu ina urefu uleule wa kipande cha utenzi, ila hakuna vina vitatu vinavyofuatana wala kina cha bahari. Kina kinachotakiwa ni cha mshororo wa pili na wa nne tu, na hata hicho mara nyingi hukaribiana bila kulingana. Walimu wetu wangekiita kina guni. Kwake ni jambo la kusudi: sikio linangoja kufungwa, naye anaacha mlango wazi. Kumbuka tu kwamba Kiingereza huhesabu na mkazo, minne kisha mitatu, kwa hiyo ukisoma kwa kupima silabi peke yake utayumba. Kwenye kistari pumzika kidogo, pungufu ya nukta. Na soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, maana mko nje, barabara ina magari, na watu wa nyuma hawasikii.

Sasa nyumba yenyewe. Nunua tiketi mapema mtandaoni, kwani huingiwa kwa saa maalumu na nafasi za Jumamosi ya matembezi huisha kwanza. Kwa kawaida Jumatatu na Jumanne hufungwa. Ningekuwa wewe ningefanya matembezi Jumamosi, nikaingia nyumba Jumapili au Jumatano, watu wakiwa wamepungua.

Chumba chake kiko ghorofani, kona ya kusini-magharibi. Madirisha ya kusini yanatazama barabara, ya magharibi yanatazama nyumba ya kaka yake. Chumba hicho kilirudishwa katika hali ya zamani mwaka 2015. Karatasi za ukutani zenye mawaridi zilichapwa upya kwa kufuata vipande vya asili vilivyokutwa vimebaki ukutani, na sakafuni pametandikwa mkeka wa majani makavu kama ulivyokuwa. Kitazame kwa makini kimeza cha kuandikia. Uso wake ni mraba wa sentimita 45 hivi kila upande. Daftari la shule likifunguliwa juu yake, kiwiko hakina pa kukaa. Hapo utaelewa kwa nini aliandika kwenye vikaratasi, migongo ya bahasha na karatasi zilizokunjwa, ambazo nyingine alizishona kwa uzi kuwa vijitabu. Vijitabu hivyo ni 40. Kimeza kilichopo ni nakala. Cha asili kiko Harvard. Gauni jeupe nalo ni nakala, la asili limehifadhiwa na chama cha historia cha hapa mjini. Angalia mfuko ulio ubavuni: gauni la kazi za nyumbani, lenye mahali pa kutia penseli na karatasi.

Usitarajie kuona miswada ya mashairi mle ndani. Baada ya kifo chake familia iligombana, na karatasi zikagawanyika njia mbili. Zilizobaki upande wa Susan na bintiye Martha ziko Harvard, katika maktaba ya Houghton, pamoja na kile kitabu cha mimea. Zilizokuwa kwa Mabel Loomis Todd ziko chuo cha Amherst, umbali wa kutembea tu kutoka nyumbani kwake. Nyingi zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, hivyo zipitie kabla ya safari, uujue mwandiko wake. Ukifika chumbani utaona tofauti.

Utakuta mapazia yameshushwa na taa hafifu, na wapo wanaonung'unika. Karatasi na vitambaa vya kale huharibiwa na mwanga, na uharibifu hujilimbikiza bila kurudi nyuma, ndiyo maana nyumba za namna hii hulenga luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati karibu na dirisha la kawaida mchana huwa maelfu. Ngoja dakika tano macho yazoee, rangi zitajitokeza zenyewe. Ukitoka kwenye jua kali la Mei ukapita mbio, utasema chumba kilikuwa giza.

Uliuliza wanafanya nini miezi ile nyumba inapofungwa. Katika nyumba za makumbusho huo ndio wakati wa usafi mkubwa, kwa sababu huwezi kusogeza kabati la kale huku wageni wakipita. Kazi huanzia darini kushuka chini, maana vumbi huanguka. Vumbi la mbao na fremu hutolewa kwa brashi laini ya manyoya, likisukumwa kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonza iliyowekwa nguvu ndogo na kufungwa wavu, ili kipande cha rangi kikibanduka kisimezwe. Maji na dawa za kung'arishia samani haviguswi ovyo. Hatari kubwa ya huku ni unyevu wa hewa. Baridi ikiwa kali na joto la ndani likiwashwa, unyevu unaweza kushuka hadi asilimia 20. Mbao hunywea, gundi huachia, karatasi ya ukutani hufunguka kwenye viungo. Majira ya kuchipua yakifika unyevu hupanda ghafla na mbao hiyohiyo huvimba. Mabadiliko ya haraka hudhuru kuliko kiwango chenyewe. Kwa hiyo ukiambiwa usiegemee mlango ukabaki wazi, tii.

Na usiingie na maua, hata ua moja ulilopewa kwenye matembezi. Katika majira haya kuna kijidudu cha mviringo, milimita tatu tu, kinachokula chavua ya maua bila kumdhuru mtu, lakini mabuu yake hula sufu, hariri na manyoya. Kikiingia na shada, miezi michache baadaye zulia lina matundu.

Maua ya ndani yanaruhusiwa mahali pamoja, kile chumba kidogo cha vioo ubavuni mwa nyumba. Baba yake alikijenga 1855, kikabomolewa 1916, kikajengwa upya 2017. Hapo ndipo alipofuga mimea isiyostahimili baridi, akawa na bustani hata Januari. Wengi hupita bila kugeuza shingo. Simama hapo.

Kisha vuka nyasi uende Evergreens, nyumba ya Austin na Susan, iliyojengwa 1856. Kwa maoni yangu ndiyo inayogusa zaidi. Nyumba ya Emily iliuzwa 1916, vitu vikatawanyika, ikabidi ijazwe upya kwa utafiti. Evergreens haikuhama mikononi mwa warithi kwa zaidi ya miaka mia, hivyo michoro, samani na karatasi zilizochakaa ukutani ni zilezile. Kuna chumba cha Gib, mtoto wa mwisho, aliyefariki kwa homa ya matumbo mwaka 1883 akiwa na miaka minane. Vitu vyake bado vimo. Usimharakishe mwanao mle ndani.

Usafiri: kutoka Boston ni kama kilomita 145, saa mbili kwa gari. Treni haifiki Amherst. Iliyo karibu husimama Northampton, kisha unapanda basi la PVTA, shirika la mabasi la eneo hili. Chunga hapa: wanafunzi wakimaliza muhula wa Mei, mabasi hupunguzwa, na Jumamosi hupungua zaidi. Angalia ratiba ya tarehe yako hasa, usiangalie ya Aprili. Mahafali ya chuo kikuu cha UMass nayo huangukia siku zilezile, na vyumba vya hoteli vya Amherst hujaa miezi kabla. Weka nafasi sasa hivi, ukikosa jaribu Hadley au Northampton. Leta viatu vya kufunga vinavyovumilia umande, koti jepesi la mvua, na dawa ya mafua ya chavua kama pua yako ingali vile vile. Kwenye nyasi ndefu za makaburini vaa soksi ndefu, na usiku mkague mwanao: kupe wachanga wa Mei ni wadogo kama mbegu ya mchicha, nao huambukiza ugonjwa wa Lyme.

Niandikie umechagua shairi gani ili nikuangalizie namba zote mbili, maana majina ya wasomaji hukusanywa mapema. Na uniambie mtakuwa wangapi. Gari langu lina nafasi ya watu wanne, pamoja na mimi.

Wasalimie wote, na mama umshikie mkono kwa niaba yangu.

Wako akupendaye daima