Kijiji si kituo cha dakika 20

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nami niseme langu kuhusu utalii. Niliendesha magari ya watalii kwa miaka 19 kabla mgongo haujanistaafisha, na muda wote huo karatasi ya ratiba niliyokabidhiwa asubuhi ilikuwa na mstari uleule: “Kijijini, dakika 20.”

Dakika hizo zilitosha. Wageni wanashuka, watoto wanaimba, simu zinatoka mifukoni, akina mama wanatandaza shanga kwenye turubai, mmoja anaulizia choo, tunaondoka. Choo kilikuwa cha shule na maji yake hakuna aliyeyalipia. Mbele kidogo tulisimama duka la vinyago kwa dakika 45, maana huko kampuni ilikuwa na kamisheni yake na mimi nilikuwa na yangu. Sijisafishi. Niliipokea na ikasomesha wanangu.

Siku moja giaboksi ikafa palepale kijijini. Spea ilichukua siku tatu kufika. Kati ya wageni wanne, wawili walipiga simu mpaka wakaletewa gari jingine. Wakabaki mama mmoja, mwalimu mstaafu, na mwanawe. Mwenyekiti wa kijiji akawapa chumba cha wavulana, wavulana wakahamia jikoni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mama hakuingoja ya tatu. Kesho yake nilimkuta mkekani anachambua maharagwe, anayachambua vibaya, na binti wa nyumba ile akiyarudia kimyakimya nyuma yake.

Jioni akaniuliza: ile pesa ya kuingia kijijini, ambayo ilikuwamo kwenye bei ya safari yake, hupewa nani? Nilikuwa nimepita pale miaka 11. Sikuwa na jibu. Tukamuuliza mwenyekiti, naye akacheka tu.

Wengi hudhani utalii wa jamii ni kulala nyumba ya udongo badala ya hoteli. Mimi naona ni habari ya nani anapanga ratiba na nani anashika daftari la mapato. Katika kisiwa cha Taquile, Ziwa Titicaca, nchini Peru, wakazi walianza kupokea wageni miaka ya 1970: familia kwa zamu, na boti za kuwaleta zikiwa zao wenyewe. Baadaye wafanyabiashara wa nje waliingia na boti zao, na wageni wengi wakawa wa kushinda saa chache na kurudi. Mapokezi yalikuwa yaleyale ila usafiri ulikuwa umewatoka mikononi. Namibia walipita njia nyingine. Sheria ya mwaka 1996 iliwapa wakazi haki juu ya wanyamapori na utalii katika ardhi za jumuiya, na leo hifadhi zao zimezidi 80. Kampuni inayotaka kujenga kambi humo inakaa mezani na wenyeji kwanza.

Sisemi kila mradi wa kijiji ni mzuri. Nimewahi kuona banda la wageni lililojengwa na wafadhili likiwa ghala la mahindi miaka miwili baadaye, na nimeona daftari la mapato likilala kabatini kwa mtu mmoja ambaye funguo hazimtoki.

Lakini na sisi tunaosafiri tujiulize tunakwenda kutafuta nini. Ghuba ya Maya, Thailand, ilifungwa mwaka 2018 hadi 2022 ili matumbawe yapumzike kutokana na maelfu ya watalii waliokuwa wakimiminika pale kila siku kupiga picha. Sina ugomvi na picha, ninazo nyingi. Ombi langu ni kwamba kabla ya kulipia safari, muulize wakala maswali mawili: kijijini tunakaa muda gani, na nani ameamua hivyo? Akibabaika, umeshajibiwa.

Yule mama alirudi mwaka uliofuata, akakaa wiki tatu. Hakupitia kampuni yetu, alimpigia mwenyekiti moja kwa moja. Habari hizo zilinifikia nikiwa nje ya duka la vinyago, nimeegemea gari, nasubiri bahasha yangu.

Dereva mstaafu