Mashine za utengamao: tuulizeni kabla hamjanunua

Ndugu Mhariri,

Nimechoka kusikia kwamba sisi wataalamu wa fiziotherapia tunaogopa teknolojia. Husemwa hivyo kila mashine inapokutwa imefunikwa shuka kwenye kona ya idara. Hospitali mojawapo niliyofanyia kazi ilipewa mashine ya umeme ya kusisimua misuli. Ilipokelewa kwa picha na hotuba, ikatumika vizuri mpaka vibandiko vyake vya kuweka kwenye ngozi vikaisha gundi. Hakuna aliyekuwa ameviingiza kwenye bajeti. Mwenzetu pekee aliyefundishwa kuitumia akahamishwa, ikaishia hapo. Mkaguzi akipita leo ataandika kwamba wataalamu hawaitumii, na atakuwa ameandika kweli nusu.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni 2.4 duniani wana hali ya kiafya inayoweza kunufaika na utengamao, yaani huduma za kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu hawafiki kumi kwa kila watu milioni moja. Kwa uhaba huo, kila chombo kinachotuongezea mikono tunakitaka. Ila kituongezee kweli. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza, RATULS, uliofanywa kwa wagonjwa 770 wa kiharusi. Waliofanyishwa mazoezi ya mkono kwa roboti hawakupata nafuu kubwa ya matumizi ya mkono kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisemi roboti hazifai. Mgonjwa wa kiharusi anahitaji kurudia tendo moja mara nyingi mno, na mashine haichoki. Nasema mtaalamu anayeuliza ushahidi kabla ya kuipokea asiitwe mshamba.

Pale wataalamu wanaposhirikishwa mapema, mambo huwa mengine. TATCOT, chuo cha viungo bandia kilichopo katika hospitali ya KCMC Moshi, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam walishiriki kujaribu viungo bandia vinavyotengenezwa kwa printa ya 3D. Kigutu kinapimwa kwa skana badala ya kufungwa plasta, kisha umbo linarekebishwa kwenye kompyuta. Anayelirekebisha bado ni fundi anayejua wapi mfupa hautaki kubanwa. Ujuzi wake haukutupwa, umepewa kifaa kingine.

Lakini teknolojia ninayoitaka zaidi mimi tayari iko mifukoni mwetu. Wagonjwa wangu wengi hawaachi mazoezi kwa uvivu, ila nauli inawashinda. Mama aliyepata kiharusi akirudi kijijini, binti yake hunirekodia video ya mama akitembea, nami naona goti linavyorudi nyuma kila anapolikanyagia, namwambia wabadilishe nini. Kazi hiyo tunaifanya jioni, kwa bando letu, na haihesabiwi popote kwenye taarifa ya idara. Kibaya zaidi, video ya mama wa watu akiwa na kanga tu inabaki kwenye simu yangu binafsi, wakati nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Jambo hili linaninyima raha, na najua siko peke yangu.

Kwa hiyo nawaomba waganga wafawidhi na wafadhili: kila idara ya utengamao ipewe simu yake na bando, na huduma inayotolewa kwa simu iandikwe kwenye faili la mgonjwa kama huduma nyingine. Na mashine yoyote isinunuliwe kabla fiziotherapisti na mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku) wa idara hiyo hawajasaini kwamba wanaihitaji, pamoja na bei ya vipuri, matengenezo na mafunzo ya watumishi zaidi ya mmoja.

Fiziotherapisti,
Morogoro