Wauzaji wa laptopu watutajie kadi ya Wi-Fi iliyomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wauzaji wa laptopu zilizotumika, hasa wale wa katikati ya Kampala ambao sisi wa wilayani huwafuata kwa sababu ya bei. Kwenye kibandiko cha laptopu huandikwa aina ya prosesa, ukubwa wa RAM na wa diski, lakini sijawahi kuona kibandiko hata kimoja kinachotaja kadi ya Wi-Fi, ilhali kadi hiyo ndiyo mlango wa pekee ambao intaneti ya wengi wetu hupitia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Jinja. Kwa karibu mwaka mzima niliilaumu kampuni inayoniuzia intaneti, nikapandisha kifurushi mara mbili, na bado laptopu ilikata mawasiliano kila nilipohamia chumba cha nyuma ambako husahihishia kazi za wanafunzi. Jioni moja niliiweka simu yangu juu ya kibodi, mahali palepale na kwa ruta ileile, nikapima kasi ya vyote viwili. Simu ilipata megabiti 41 kwa sekunde, laptopu ikapata 6. Fedha nilizokuwa nimeongeza kwenye kifurushi zilikuwa zimepotea bure.

Nilipofungua kifuniko cha chini nilikuta kadi ya 802.11n, kiwango cha Wi-Fi cha mwaka 2009, inayotumia masafa ya 2.4 GHz pekee kwa antena moja. Kadi ya namna hiyo husemwa kuwa inafikia megabiti 150, lakini hicho ni kipimo cha kwenye karatasi. Masafa ya 2.4 GHz yana njia tatu tu zisizoingiliana, na katika mtaa wangu kila nyumba na kila duka lina ruta inayozigombea. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba waya wa pili wa antena, mweupe, ulikuwemo tayari, umelazwa kando na kufungwa kwa utepe mweusi bila kuunganishwa na chochote.

Fundi wa kwanza aliniletea kadi ya Intel AX201. Iliingia kwenye tundu lake vizuri kabisa, ila kompyuta haikuiona, kwa sababu AX201 hutegemea sehemu iliyomo ndani ya baadhi ya prosesa mpya za Intel, na yangu si miongoni mwazo. Niliyoihitaji ni AX200, ambayo kwa umbo ni ileile lakini hujitegemea. Herufi na tarakimu hizo zinafanana mno, nami nawasihi mafundi wetu wazisome kwa makini kabla mteja hajalipa. Kazi yenyewe haikuchukua nusu saa: tulihifadhi dreva, yaani programu inayoiendesha kadi, kwenye flashi mapema, tukachomoa betri, tukafungua skrubu moja, kisha tukabana vichwa vya waya za antena, vidogo kama punje ya mtama, kwa ukucha hadi vikalia “tik”. Tangu siku hiyo laptopu hutumia masafa ya 5 GHz, yenye njia nyingi zaidi, na kasi yake chumba cha nyuma imelingana na ya simu.

Sisemi kwamba kadi mpya ni dawa ya kila tatizo. Haiwezi kuvuka kasi ya kifurushi ulichonunua, na masafa ya 5 GHz hudhoofika upesi zaidi yanapopita kwenye kuta za matofali. Zipo laptopu nyembamba ambazo kadi yake imechomelewa kwenye bodi, na zipo za miaka ya nyuma ambazo hukataa kuwaka zikikuta kadi ambayo mtengenezaji hakuiidhinisha. Nyingine zina waya mmoja tu wa antena, kwa hiyo kadi ya antena mbili haitatoa nguvu zake zote mpaka waya wa pili uongezwe.

Kwa sababu hizo hizo, mnunuzi anastahili kuambiwa mapema. Nawaomba wauzaji waongeze mstari mmoja kwenye kibandiko: jina la kadi, kama inapokea 5 GHz, idadi ya antena, na kama inaweza kubadilishwa. Na mnunuzi asiyeambiwa asione haya kuomba laptopu iwashwe palepale dukani, afungue dirisha la amri la Windows (Command Prompt) na kuandika netsh wlan show drivers. Katika orodha itakayotokea, akiona 802.11ac au 802.11ax, ambavyo ni viwango vipya kuliko 802.11n, kadi hiyo inapokea 5 GHz. Akiona 802.11b, 802.11g na 802.11n peke yake, adai bei ipunguzwe kiasi cha kutosha kununulia kadi nyingine.

Wako,
Mwalimu wa sekondari, Jinja