Ule waya mnaosema hauna kazi

Malalamiko ni yale yale kila matlai, bahari ikitulia na pesa za korosho zikiwa mifukoni: "Nimelipia boti, nimelipia vifaa, nimerudi mikono mitupu, halafu mnanidai rapala," yaani chambo bandia cha umbo la samaki. Wiki iliyopita mteja mmoja kayasema hayo dukani kwetu Mtwara, tunakowatoa watu kwenda kuvua, mbele ya watu, akaondoka akituita wezi. Tumemsikia. Lakini rapala ile haikupotea kwa bahati mbaya. Tulipokwishaipita Msanga Mkuu, nahodha kainamia mashine, huku nyuma bwana huyu akaukata waya, kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya mshipi na rapala, na kuifunga rapala moja kwa moja kwenye nailoni. Rafiki yake alimwambia samaki akiona chuma hadoni.

Rafiki hakudanganya sana. Ukienda kuvua changu au tasi kwa chubwi na kipande cha ngisi, waya hauna kazi kweli, na hatukuuzii. Lakini nani anatoka Newala mpaka Mtwara kwa ajili ya changu? Wanaoanza wote wanataka nguru au mzia, wapigwe picha. Hao ni samaki wa kasi wanaokata. Meno ya nguru ni bapa, yamechongoka pembe tatu, yamebanana kama ya msumeno. Mzia ana machonge marefu mpaka ukimwangalia unajiuliza anafungaje mdomo. Nailoni haina ubavu hapo, hata ukinunua ile nene kabisa. Hutasikia hata vuta nikuvute: utasikia amegonga mara moja, kisha mshipi mwepesi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana mteja anasema fundo letu lilikuwa bovu. Sisi huwa tunauvuta mshipi na kumwonyesha mwisho wake. Fundo likifunguka, ncha inabaki imejiviringa vipindo vidogo. Mshipi ukikatwa na mwamba, unaukuta umekwaruzika sehemu ndefu, ukiupitisha kwenye kucha unahisi mikwaruzo. Ukikatwa na meno, ncha ni safi, kama imepita wembe. Ile ya wiki iliyopita ilikuwa safi. Tumeihifadhi, akitaka aje aione.

Kuna wanaokubali waya lakini hawataki wetu. Wanakuja na nyuzi walizozichambua kwenye waya wa breki ya baiskeli. Tunaelewa, ni rahisi na upo kila gereji. Tatizo ni kwamba ukishakunywa maji ya chumvi kutwa moja, kesho yake una kutu, na ukijikunja kidogo tu panabaki kovu. Fundi mmoja wa Masasi, mtu mwenye mikono mizuri ya kazi, alitukatalia kabisa. Akapata nguru, akampigania vizuri kuliko wanafunzi wetu wengi, akamleta mpaka ubavuni mwa boti. Baharia ananyoosha kulabu, waya ukakatika palepale penye kovu. Nguru kaenda, rapala kaenda nayo, na swiveli yake, ile pete inayozunguka. Alichookoa kwenye waya hakikununua hata ndoana moja ya ile rapala.

Waya wetu haushiki kutu, ni mwembamba, na rangi yake ya kahawia iliyofifia haing'ai majini. Tunaukata karibu nusu mita, tunausokota kwa plaizi, si kwa vidole. Ukipinda mara moja tunautupa, hata kama umetumika asubuhi hiyo hiyo. Hicho ndicho mnacholipia. Na mkitumia chambo halisi, tunafunga ndoana ya pili karibu na mkia, kwa sababu nguru ana tabia ya kumkata samaki katikati na kukuachia kichwa kwenye ndoana ya mbele. Anayeanza huona ndoana mbili kama ujanja wa kuongeza bili. Aje siku moja arudi na vichwa vitupu.

Kijana mwingine, mpole tu, alikuja amejifunza kila kitu kwenye simu. Alikuwa anaangalia video za Wamarekani na Wakanada wanaovua pike na musky, samaki wa maji baridi ya maziwa na mito, na wao wana meno hasa. Musky wanamwita samaki wa kurusha mara elfu kumi kwa jinsi anavyosumbua. Kijana akatuuliza kwa nini hatumfundishi kuchora nane majini kwa ncha ya fimbo, rapala ikifika karibu na boti. Ni swali zuri. Musky huifuata rapala mpaka miguuni pako, na ile nane humfanya aamue. Mzia wetu naye hufuata, lakini ukimpunguzia mwendo anageuka na kwenda zake. Yeye anataka kitu kinachomkimbia, kwa hiyo zungusha rili (gurudumu la kukunjia mshipi) haraka, ukimwona nyuma ongeza. Tukirambaza, tunaburuta rapala kwa mwendo wa noti 5 hadi 7, karibu kilomita 9 hadi 13 kwa saa. Alichotakiwa kijana kuiga kwa wale jamaa ni kingine kabisa: hawavui pike bila kinga ya meno mbele ya rapala, na plaizi ndefu haiwatoki mkononi.

Plaizi hiyo si mapambo. Mzia akiingia botini bado mzima, miguu juu na kila mtu atulie. Baharia atampiga rungu la kichwa kwanza, ndipo ndoana itolewe. Mwalimu mmoja alitaka kuitoa kwa vidole ili apigwe picha samaki akiwa bado anarukaruka, na siku yake ikaishia zahanati kushonwa. Tangu hapo hilo tunalisema ufukweni kabla mashine haijawashwa, na wengine wanakasirika kwamba tunawafanya watoto.

Tuseme na bei. Petroli ndiyo inayokula zaidi, samaki apatikane asipatikane. Kuna wanaotaka tuwapeleke upande wa Msimbati kwa bei ile ile. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000, ina vibali na taratibu zake, na hatuingii kinyemela ili mteja aokoe pesa. Kipindi cha kusi bahari ikichafuka hatutoki, hata ukiongeza pesa. Na barafu, ambayo kila mtu anataka tuifute kwenye hesabu: nguru akikaa juani anatengeneza sumu inayokuwasha mwili mzima na kukuvimbisha uso, na kupika hakuiondoi. Nguru wa nchi hizi anaweza kufika hata kilo 70, ingawa mtakaowapata ni wadogo zaidi. Sasa mtu anagharamia safari yote ile, kisha anamlaza samaki kwenye mbao za moto chini ya turubai?

Kuanzia sasa utaratibu ni huu. Ukivua kwa waya tuliokufungia sisi, na breki ya rili ukaiacha tulivyoiweka, rapala ikikatika ni hasara yetu, hatukudai hata senti. Ukikata waya, au ukikaza breki mpaka mwisho kwa sababu samaki anakimbia (aachwe akimbie, ndiyo kazi ya breki), rapala ni yako. Tutakusomea hayo kabla hujalipa. Bwana wa wiki iliyopita naye akirudi tutamtoa kwa bei ya kawaida, ila atakaa mbele, karibu na nahodha.

Tunaondoka kwa kufuata maji, si saa ya ofisini, kwa hiyo pigeni simu siku moja kabla. Mwenye deli lake la barafu aje nalo.